Waya ya Kijivu Chini ya Dashibodi

Jumamosi moja ya Februari mdogo wangu wa kiume alikuwa ameinamia boneti ya gari langu, nyumbani Tabata, mikono yote miwili ikiwa ndani, akikaza mkanda wa altaneta. Mwanangu wa miaka minne alikuwa sebuleni na funguo zangu. Mjomba wake akatoa mikono kufuata spana aliyoiweka juu ya ndoo, na papo hapo injini ikawaka. Kiti cha dereva hakikuwa na mtu. Mtoto alikuwa amebonyeza kitufe cha rimoti mara mbili, kama anavyoniona nikifanya kila mchana.

"Dada, nani kawasha?" aliniuliza. Hakupaza sauti. Alikuwa amekishika kiganja chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, akikitazama. Vidole vyote vitano vilikuwepo.

Jioni ile nililala chali chini ya usukani na tochi ya simu. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemlipa fundi anifungie alamu yenye uwezo wa kuwasha gari kwa rimoti. Katikati ya furushi la waya niliona moja ya kijivu, imekunjwa mara tatu na kuzungushiwa tepu, haijaunganishwa popote. Nilitafuta karatasi ya maelekezo niliyokuwa nimeitupia kwenye droo. Waya ya kijivu: swichi ya boneti. Pembeni yake ilikuwepo nyingine, imekatwa fupi: ya breki. Nikakumbuka fundi alivyoniambia siku ile, "Hizo zilizobaki hazina kazi, mwalimu. Gari si linawaka?"

Kweli lilikuwa linawaka. Tatizo ni kwamba waya hizo mbili kazi yake ni kulizuia lisiwake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Kila mwaka nawafundisha watoto wa watu mkondo wa umeme, sakiti na fyuzi, lakini gari langu mwenyewe nilikuwa nimelikabidhi bila kuuliza swali hata moja. Niliamua kuung'oa mfumo wote na kufunga mwingine kwa mikono yangu. Naeleza hapa nilichojifunza, kwa anayetaka kujifungia na kwa anayempelekea fundi lakini anataka kujua aangalie nini kabla ya kulipa.

Ufunguo unavyofanya kazi

Wazee wetu waliokuwa makondakta wa malori wanakumbuka hendeli: unaichomeka mbele ya injini, unaizungusha kwa nguvu, na injini ikirudi nyuma inaweza kukuvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Dereva akahama kutoka mbele ya gari, akakaa kitini. Rimoti imemhamisha tena, safari hii hadi sebuleni, ambako haoni kama kuna mtu ameinamia injini, wala kama gia iko mahali pake. Kwa hiyo kila alichokuwa akikiona dereva kwa macho yake lazima sasa kionwe na waya. Ukiikata waya hiyo, umelipofua gari.

Ufunguo wenyewe si kitu cha ajabu. Ni swichi yenye hatua. Ya kwanza inapeleka umeme kwenye redio. Ya pili inawasha taa za dashibodi, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini. Ya tatu, ile unayoishikilia kwa sekunde moja kisha unaiachia, inaamsha stata. Nyuma ya swichi hiyo kuna waya chache nene: inayoleta umeme wa betri muda wote, ya redio, moja au mbili za hatua ya pili, na ya stata. Kifaa cha rimoti kinaziiga hatua hizo kwa mpangilio uleule kwa kutumia rilei, yaani swichi ambayo badala ya kuguswa kwa kidole inavutwa na sumaku ya umeme.

Hapo ndipo unapokutana na swali kubwa: kifaa kitajuaje kwamba injini imeshashika, ili kiiachie stata? Wewe unasikia kwa masikio. Kifaa husubiri volti zipande, kwa sababu betri iliyotulia na kujaa ina volti 12.6 hivi na altaneta ikianza kuchaji hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Njia iliyo bora ni kuhesabu mizunguko ya injini kupitia waya ya injekta. Kifaa kisichojua hubahatisha muda tu. Siku injini inaposhika mapema, stata huendelea kusaga meno, na sauti yake unaisikia hadi kwa jirani.

Kuchagua

Mtaani kwetu vibaka mara nyingi hawachukui gari. Wanachukua vioo vya pembeni, taa za nyuma na chochote kilichosahauliwa kitini. Kwa wizi wa namna hiyo, king'ora chenye kihisi cha mtikisiko kinasaidia, mradi ukipunguze ukali wake. Kikiachwa kama kilivyotoka dukani, bodaboda ikipita tu kinalia, na baada ya wiki moja hakuna jirani atakayechungulia dirishani.

Wizi wa gari zima ni habari nyingine, na king'ora peke yake hakiuzuii. Kinachouzuia ni imobilaiza, mfumo unaoifanya injini ikatae kuwaka mpaka isome chipu ndogo iliyomo ndani ya kichwa cha ufunguo. Ulaya ilianza kuidai kwa magari mapya mwaka 1998, Australia mwaka 2001, Kanada mwaka 2007. Marekani haikuweka sheria hiyo, na matokeo yake yameonekana: magari ya Hyundai na Kia ya mwaka 2015 yaliyotoka kiwandani nayo yalikuwa asilimia 26 tu ya aina zao, wakati kwa kampuni nyingine ilikuwa asilimia 96. Vijana walipojifunza mbinu ya kuyawasha bila ufunguo na kuonyeshana kwenye video, wizi wa magari hayo ulifumuka kuanzia mwaka 2021.

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, na ufunguo wake ni chuma kitupu. Ndivyo yalivyo magari mengi madogo tuliyoyapokea kutoka Japani. Ndiyo maana niliongeza rilei inayokata waya ya stata wakati alamu imewekwa. Ifungwe kwa namna ambayo umeme unapita rilei inapopumzika, ili kifaa kikiharibika njiani gari liendelee kuwaka.

Ikiwa ufunguo wako una chipu, hesabu inabadilika. Rimoti haitawasha injini mpaka upate kifaa cha ziada cha kuisomea kompyuta ya gari chipu hiyo. Wapo mafundi wanaoficha ufunguo wa pili ndani ya dashibodi, karibu na swichi. Gari litawaka, sawa, lakini umemwachia mwizi ndani ya gari kitu kilekile ambacho chipu ilikuwa ikimnyima. Na kama gari lako ni la kitufe badala ya ufunguo, au ni la Kizungu la miaka ya karibuni ambalo milango na taa vinaongea kwa waya mbili zilizosokotwa, usiguse. Humo hazipiti volti 12 za kuwasha na kuzima, zinapita taarifa. Tafuta kifaa kilichotengenezwa kwa modeli hiyo na fundi anayekijua.

Dukani Kariakoo nilimuuliza muuzaji maswali manne, na nakushauri uyaulize kwa mpangilio huu. Je, kifaa kina waya ya breki na swichi ya boneti? Je, kinajuaje kwamba injini imeshika? Je, rimoti inabadilisha namba yake ya siri kila ukibonyeza, au inatuma ileile kila siku? Inayotuma ileile, mtu mwenye kinasa mawimbi anainakili akiwa amekaa upande wa pili wa barabara. Na la mwisho: je, injini itajizima yenyewe baada ya dakika ngapi? Kijana wa duka la kwanza alijibu, "Mama, hii ni orijino, usiwe na wasiwasi." Nilimshukuru nikaenda duka la tatu, ambako mzee mmoja alifungua boksi, akaitandaza karatasi ya mchoro juu ya meza na kunionyesha kila waya kwa ncha ya kalamu. Nilimlipa shilingi 140,000.

Siku ya kufunga

Nilianza saa moja asubuhi kabla ya jua kali. Vifaa vyangu: multimita, bisibisi ya nyota, kisu cha kuchunia waya, chuma cha kulehemu na risasi yake, tepu ya umeme, vifungo vya plastiki na tepu ya karatasi ya kuandikia majina. Testa ya taa, ile ya bisibisi yenye balbu, niliiacha ndani. Balbu yake inavuta umeme mwingi kuliko zinavyostahimili sakiti za kompyuta.

Kabla ya yote, tafuta waya zenye mfuko au plagi ya njano. Hizo ni za mifuko ya hewa ya ajali. Usizipime, usizivute, usizifungie kitu.

Nilitoa kava ya chini ya usukani, nikaikuta plagi ya swichi ya ufunguo. Rangi za waya usiziamini, wala za kwenye mchoro wa gari la mwenzako. Ncha nyeusi ya multimita niliigusisha kwenye chuma cha bodi, nyekundu nikaipenyeza nyuma ya plagi, waya baada ya waya, huku mdogo wangu akizungusha ufunguo ninapomwambia. Waya ya kwanza ilisoma 12.5 ufunguo ukiwa mfukoni: hiyo ni ya betri. Ya pili ilipata umeme kwenye hatua ya redio, na stata ilipozunguka ikashuka hadi sifuri. Ya tatu ilipata umeme kwenye hatua ya pili na haikukatika hata stata ilipozunguka: hiyo ndiyo inayolisha injini. Ya nne ilifanana nayo, ila stata ilipozunguka ilikatika, kisha ikarudi. Ya tano ilikaa kwenye sifuri muda wote, ikapanda hadi 11 kwa ile sekunde moja ya stata, ikaanguka. Nilimwomba arudie mara tatu ndipo nikaandika kwenye tepu: STATA.

Waya ya nne ndiyo ambayo fundi wa kwanza aliiruka. Ndiyo inayolisha feni ya AC katika gari langu. Mwaka mzima nilikuwa nawasha gari kwa rimoti, nalikuta likiunguruma na bado ni tanuri, nikadhani gesi imeisha.

Nilipomaliza kupima na kuweka majina niliondoa terminali hasi ya betri na kusubiri. Toyota hutaka angalau sekunde 90 zipite, ili umeme uliobaki kwenye mifuko ya hewa uishe. Ndipo nikaanza kuunganisha, nikitanguliza waya ya ethi, niliyoifunga kwenye boliti ya bodi baada ya kuikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa.

Maungio ndiyo yanayotenganisha kazi ya miaka kumi na kazi ya miezi sita. Zile klipu za plastiki zinazouma waya bila kuichuna zinapendwa kwa sababu ni za haraka, lakini zinakata nyuzi ndani, na barabara zetu zenye matuta zinamalizia kazi. Mimi nilichuna sentimita mbili katikati ya waya ya gari bila kuikata, nikazitenganisha nyuzi zake kwa ncha ya kalamu kama mtu anayefungua tundu la sikio, nikapitisha waya ya kifaa katika tundu hilo, nikaizungusha na kulehemu. Risasi inapaswa kunywewa na shaba kama chai inavyonywewa na mkate. Ikikaa juu kama tone, haijashika. Kisha tepu, ukiivuta wakati wa kuizungusha. Fyuzi za kifaa nilizisogeza karibu na pale umeme unapochukuliwa, kwa sababu waya ikichubuka kabla ya fyuzi hakuna kitakachouzuia moto.

Milango ya magari ya Kijapani kwa kawaida huripoti kwa upande hasi: mlango ukifunguka, swichi inaigusisha waya na bodi. Kifaa kina waya mbili za milango, ya chanya na ya hasi, na ukikosea alamu haitajua mlango umefunguliwa.

Waya ya injekta niliipitisha kwenye tundu la raba kati ya dashibodi na injini, nikaiunganisha na ile ambayo rangi yake ni tofauti kwa kila injekta. Ile ya rangi moja kwa zote inaleta umeme tu, haihesabu kitu.

Za mwisho kuunganisha, na za kwanza kwa umuhimu, zilikuwa zile mbili. Ya breki niliipeleka kwenye swichi iliyo juu ya pedali, kwenye upande unaopata volti 12 mguu ukikanyaga. Mtu akivunja kioo injini ikiwa inaunguruma kwa rimoti, hawezi kutoa gia P bila kukanyaga breki, na akiikanyaga bila ufunguo kuwa kwenye swichi, injini inazima. Ya kijivu niliipitisha hadi mbele, nikafunga swichi ya chemchemi pembezoni mwa boneti, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami.

Nani asifunge, na wapi usiwashe

Gari la manyuo lisifungiwe mfumo huu kama gari la otomatiki. Wengi wetu huliacha kwenye gia likiwa mlimani. Likiwashwa kwa rimoti linaruka mbele, na aliye mbele hana onyo. Vipo vifaa vya manyuo vinavyomlazimisha dereva aliache gari kwenye nyutro na hendibreki ikiwa imevutwa, ashuke, afunge milango, ndipo kifaa chenyewe kizime injini. Bila utaratibu huo, funga alamu peke yake.

Na gari lililo ndani ya banda lililofungwa lisiwashwe kwa mbali hata kwa dakika moja. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Ni hewa ileile inayoua familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani na kulala. Mwenye banda linalopakana na chumba cha kulala afikirie mara mbili kama anahitaji kitufe hiki. Kifaa changu nimekipanga kizime injini baada ya dakika 10.

Jihadhari pia na betri. Kabla ya kufunga, gari langu likiwa limelala lilivuta miliampia 15. Baada ya kufunga, 33. Hiyo ni karibu ampia-saa 0.8 kwa siku, na betri yangu ni ya 40, kwa hiyo likikaa siku 25 nusu ya betri imekwenda. Likizo ya Desemba nikienda Songea kwa basi, natoa terminali.

Na unapofunga gari kwa rimoti mbele ya duka au kanisa, vuta kitasa kabla ya kuondoka. Kuna wezi wanaobeba kifaa cha kuziba mawimbi. Wewe umebonyeza, ukageuka, gari halikusikia. Kitasa hakidanganyi.

Kazi ilikwisha saa kumi na moja jioni. Sikulifanya hili kwa ajili ya starehe. Mama yangu ana presha, na siku za kliniki tunatoka hospitali saa nane mchana gari likiwa limeshinda juani. Sasa anakaa kwenye benchi kivulini, nabonyeza, tunaongea dakika tano, kisha anaingia kwenye gari lililopoa. Rimoti nyumbani inatundikwa kwenye msumari ulio juu kuliko mkono wa mtoto.

Ila jioni ile, kabla sijairudisha kava ya usukani, nilimwita mdogo wangu. Nilifungua boneti nikamwambia asimame mbali, mikono mgongoni. Nilibonyeza mara mbili. Taa za pembeni ziliwaka na kuzima. Injini haikutikisika. Nikafunga boneti, nikabonyeza tena, ikawaka. Nikaingia bila kuchomeka ufunguo, nikakanyaga breki, ikazima.

"Rudia lile la kwanza, dada," alisema.

Nilirudia mara nne. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla yeyote hajaweka mkono chini ya boneti ile, tunalirudia.